Boliti za Silinda Hedi: Kurudisha za Zamani, Kufunga Mpya au Kuweka Stadi

Hedi, yaani kifuniko cha juu cha silinda za injini, ikishashushwa kwa sababu injini ilichemsha au gasketi inayoziba kati yake na bloku iliungua, fedha za mwenye gari huelekea kwenye vitu vinavyoonekana: kusawazisha uso wa hedi kwenye karakana ya mashine, gasketi mpya, sili za valvu, rejeta na thamostati. Boliti zilizokuwa zimeishikilia hedi hiyo hubaki ndani ya kopo la petroli, na uamuzi wa kuzirudisha au kuzibadilisha hufanywa dakika ya mwisho, wakati gasketi mpya imeshalazwa juu ya bloku (mwili wa injini wenye silinda) na kila mtu anataka gari liwake. Ninaona huo ni mpangilio mbaya, kwa sababu boliti ndizo zinazoamua kama gharama nyingine zote zitadumu. Makala haya yanalinganisha njia tatu alizonazo mwenye gari, yaani kurudisha boliti za zamani, kufunga boliti mpya, na kuweka stadi, yaani nondo zinazofungwa kwa nati, kisha yanalinganisha namna za kukaza, kwa kuwa boliti nzuri iliyokazwa vibaya haina faida.

Mfano wangu mkuu ni injini ya Toyota 1NZ-FE yenye ujazo wa sentimita za ujazo 1,497, ambayo imo katika IST, Vitz, Probox, Fielder na magari mengine mengi yanayoonekana kila siku katika barabara za Tanzania, Kenya na Uganda. Pale ambapo tofauti itahitaji kuonekana wazi, nitaitaja 22R ya Hilux za zamani, 3S-FE ambayo pia ni ya Toyota, na injini za Subaru za familia ya EJ.

Kazi ambayo boliti inafanya

Silinda moja ya 1NZ-FE ina kipenyo cha milimita 75. Shinikizo la mwako likifika bar 60, jambo la kawaida kwa injini ya petroli inayovuta mzigo, hedi husukumwa juu kwa nguvu inayokaribia uzito wa tani 2.7 kwenye silinda hiyo moja, na injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika tendo hilo hurudiwa mara 25 kila sekunde. Gasketi haiwezi kuzuia gesi hiyo kwa kuwa imegandishwa mahali pake; huizuia kwa sababu imebanwa kwa nguvu kubwa kuliko ile inayotaka kuinua hedi. Nguvu hiyo ya mbano hutokana na boliti kuvutwa hadi ikarefuka kidogo, nayo ikawa inataka kurudi katika urefu wake wa awali.

Joto huongeza ugumu. Aluminiamu hutanuka takribani mara mbili ya chuma cha pua: kwa kila milimita 100 za urefu, joto likipanda kwa nyuzijoto 80 za Selsiasi, aluminiamu huongezeka karibu milimita 0.18 ilhali boliti ya chuma huongezeka karibu milimita 0.10. Kila injini inapopata moto, hedi huivuta boliti kwa tofauti hiyo, na inapopoa huiachia. Injini iliyochemsha kupita kiasi huivuta zaidi ya ilivyokusudiwa, na hiyo ndiyo sababu boliti zilizotoka kwenye injini iliyochemsha zinastahili kutazamwa kwa shaka hata kama macho hayaoni kasoro yoyote.

Kwa upande wa muundo, boliti za hedi ni za namna mbili. Ya kwanza hukazwa ikabaki ndani ya kiwango chake cha kunyumbuka, kiasi kwamba ikifunguliwa hurudi katika urefu wake. Hii ndiyo iliyotumika kwenye injini nyingi za zamani. Ya pili hukazwa kwa makusudi hadi inafikia mwanzo wa kiwango ambacho chuma huanza kuvutika bila kurudi chote. Faida ya hii ya pili ni kwamba katika kiwango hicho nguvu ya mbano haibadiliki sana boliti inapovutika kidogo zaidi, kwa hiyo boliti kumi zinaweza kubana kwa nguvu zinazokaribiana mno. Hasara yake ni kwamba kila ikikazwa hurefuka kidogo moja kwa moja, na chuma hakina akiba isiyo na mwisho.

Torki peke yake, au torki pamoja na pembe

Torki ni nguvu ya kuzungusha boliti, nayo hupimwa kwa nyutoni mita. Kitabu cha matengenezo cha 22R kinataka boliti za hedi zikazwe hadi nyutoni mita 78 kwa awamu tatu, na kazi inaishia hapo. Kile cha 1NZ-FE kinataka nyutoni mita 29, kisha kila boliti izungushwe digrii 90, kisha tena digrii 90. Kwa 3S-FE ni nyutoni mita 49, halafu digrii 90. Tofauti hii ndiyo inayowachanganya watu wengi zaidi katika kazi nzima, kwa hiyo nitakaa nayo.

Spana ya torki haipimi mbano. Hupima ugumu wa kuzungusha, na sehemu kubwa ya ugumu huo ni msuguano. Hesabu inayokubalika katika uhandisi ni kwamba karibu nusu ya torki huliwa na msuguano chini ya kichwa cha boliti, takribani asilimia 40 huliwa ndani ya thredi (meno ya boliti), na kiasi cha asilimia 10 tu ndicho kinachovuta boliti. Hivyo thredi moja ikiwa na kutu kidogo, nyingine ikiwa na oili na nyingine ikiwa kavu, spana italia kwenye namba ileile kwa boliti zote tatu ilhali mbano wa kila moja ni tofauti kabisa. Ni kwa sababu hiyo kukaza kwa torki peke yake kunaweza kutoa mbano unaopishana kwa robo nzima ya thamani iliyokusudiwa, hata spana ikiwa sahihi.

Pembe haina shida hiyo. Boliti ambayo thredi zake ziko umbali wa milimita 1.25 kutoka jino moja hadi jingine ikizungushwa nusu duara husogea milimita 0.625, iwe imepakwa oili au haikupakwa, na msogeo huo ndio unaogeuka kuwa mbano. Torki ndogo ya mwanzo, kama ile 29 ya 1NZ-FE, inaiweka hedi na gasketi katika mahali pamoja ili boliti zote zianze kuhesabiwa pembe kutoka hatua moja. Wapo mafundi wanaoiona 29 kuwa namba ndogo mno, wakaiongeza hadi 50 au 60 kisha wakazungusha digrii zilezile. Matokeo yake ni boliti iliyopitishwa mbali katika kiwango cha kuvutika. Wapo pia wanaoacha digrii kabisa na kukaza kwa torki moja kubwa waliyoizoea. Hakuna namba ya torki inayoweza kuchukua nafasi ya digrii 180, kwa kuwa namba hiyo ingebadilika kwa kila boliti kulingana na msuguano wake.

Kwa hiyo hapa hakuna uchaguzi wa mapendeleo. Injini iliyoundwa kwa torki peke yake ikazwe kwa torki, na iliyoundwa kwa pembe ikazwe kwa pembe. Kuchukua utaratibu wa 22R na kuupeleka kwenye 1NZ-FE ni kosa, na kinyume chake ni kosa kubwa zaidi, kwa sababu boliti ya muundo wa zamani haikutengenezwa kuvutwa hadi huko.

Kuna mtego wa vipimo pia. Spana nyingi zinazouzwa madukani zina mistari miwili, mmoja wa nyutoni mita na mwingine wa pauni-futi, na baadhi ya vitabu vya Kijapani vinatoa namba za kilogramu. Nyutoni mita 78 ni sawa na pauni-futi 58. Mtu akiipanga spana kwenye 78 ya pauni-futi atakuwa ameikaza boliti kwa nyutoni mita 106 hivi, na hatajua kosa lake mpaka thredi ing'oke au boliti ikatike.

Kurudisha boliti za zamani

Kwa boliti zinazofanya kazi ndani ya kiwango cha kunyumbuka, kama zile za 22R, kuzirudisha ni jambo la kawaida iwapo hazina kutu iliyochimba, thredi zake hazijachunika na shingo haijapungua. Uamuzi huo ni mwepesi.

Kwa 1NZ-FE, Toyota yenyewe inaruhusu kurudisha kwa masharti ya kipimo. Boliti yenye afya ina urefu wa kati ya milimita 142.8 na 144.2, na ikifika zaidi ya milimita 147.1 ni lazima itupwe. Kipimo hiki kinahitaji kalipa, yaani kifaa cha kupimia urefu na kipenyo kwa usahihi, kwa kuwa rula ya kawaida haiwezi kutofautisha nusu ya milimita kwa uhakika. Watengenezaji wengine hawatoi nafasi hiyo: Volkswagen na BMW, kwa injini zao nyingi, huagiza boliti za hedi zibadilishwe kila zinapofunguliwa, na mwenye gari la aina hiyo hana sababu ya kuendelea kulinganisha.

Hoja ya kurudisha ni gharama na upatikanaji, nazo ni hoja za kweli. Mtu ambaye gari lake limekwama mbali na mji, akiwa na boliti kumi ambazo zote zina urefu wa chini ya 144.2, hana haja ya kusubiri mzigo wiki nzima. Hata hivyo kipimo cha juu kabisa kinanitia wasiwasi. Boliti yenye milimita 146.5 inapita mtihani wa kitabu, lakini imeshavutika zaidi ya milimita mbili na itavutika tena mara mbili kwa digrii 90 utakazoipa. Zaidi ya hayo, ninapendekeza kutazama tofauti kati ya boliti na boliti. Seti ambayo tisa ziko karibu na 144 na moja iko 146 inakueleza kwamba hedi haikubanwa sawasawa huko nyuma, na ukiirudisha utakuwa unaijenga hitilafu ileile. Katika hali hiyo ningebadilisha zote kumi, wala si ile moja peke yake, kwa sababu boliti mpya moja katikati ya tisa zilizotumika haitavutika kama wenzake.

Boliti za mtumba, zinazong'olewa kwenye injini iliyokatwa kutoka Japani, huuzwa kwa hoja kwamba ni za kampuni. Ni kweli ni za kampuni, lakini ni boliti zilizotumika ambazo historia yake huijui, tofauti na zako ambazo angalau unajua zimepitia nini. Zipimwe kwa masharti yaleyale, la sivyo ziachwe.

Kufunga boliti mpya

Ukilinganisha bei ya seti ya boliti na jumla ya gasketi, usawazishaji wa hedi, oili, maji ya rejeta na ujira wa fundi, seti hiyo ni sehemu ndogo. Ukilinganisha na gharama ya kushusha hedi mara ya pili, ni ndogo zaidi. Kwa injini inayokazwa kwa pembe na iliyowahi kuchemsha, boliti mpya ndizo chaguo langu la kwanza, nami sioni hoja nzito dhidi yake isipokuwa moja, ambayo ni uhakika wa bidhaa yenyewe.

Katika maduka ya spea ya Kariakoo, ya Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi au ya Kisekka jijini Kampala, utapata boliti za kampuni, boliti nzuri za watengenezaji wengine, na boliti bandia zilizofungwa katika boksi linalofanana na la kampuni. Mnunuzi aende na boliti ya zamani na kalipa mkononi. Alinganishe kipenyo cha shingo, urefu wa sehemu yenye thredi, umbo la kichwa na unene wa wosha, kisha apime boliti zote kumi za seti mpya; zikipishana urefu kwa zaidi ya kile ambacho kitabu kinaruhusu kwa boliti mpya, seti hiyo irudishwe dukani kabla ya kuguswa na oili.

Swali la boliti za duka la vifaa vya ujenzi huulizwa mara kwa mara, hasa kichwa kikiwa na alama ya 10.9 inayoonekana kuwa ya kutisha. Alama hiyo ina maana: chuma chake hukatika kwa mkazo wa takribani megapaskali 1,000 na huanza kuvutika bila kurudi kwa asilimia 90 ya kiasi hicho. Lakini boliti ya hedi ya kukazwa kwa pembe imetengenezwa ivutike kwa usawa na kwa utaratibu katika urefu uliopangwa, na nguvu ya chuma peke yake haitoi tabia hiyo. Boliti ngumu kupita kiasi, ikizungushwa digrii 180 ndani ya bloku ya aluminiamu kama ya 1NZ-FE, inaweza kung'oa thredi za bloku kabla yenyewe haijavutika. Bloku ya 22R ni ya chuma cha kusubu na ina uvumilivu zaidi, ila hata huko sishauri.

Kuweka stadi

Stadi ni nondo yenye thredi pande zote mbili. Upande mmoja huingizwa ndani ya bloku kwa mkono bila kukazwa kwa nguvu, hedi huteremshwa juu yake, kisha nati na wosha hukazwa upande wa juu. Kampuni ya ARP ya California, iliyoanzishwa mwaka 1968, ndiyo iliyojulikana zaidi kwa stadi za aina hii, hasa miongoni mwa watu wa magari ya mashindano na wa injini zilizoongezewa turbo.

Ubora wa stadi ni wa kweli. Boliti inapokazwa huvutwa na kusokotwa kwa wakati mmoja, tena hujisugua ndani ya thredi za bloku kila inapozunguka. Stadi imetulia ndani ya bloku, na msuguano wote wa kukaza unafanyika kwenye nati, ambako thredi ni nyembamba zaidi na nyuso zimesawazishwa. Thredi za bloku haziliwi kila hedi inaposhushwa. Kwa Subaru EJ yenye turbo iliyoongezwa presha, au kwa dizeli inayobebeshwa mzigo kupita ilivyoundwa, nguvu hiyo ya ziada ina kazi ya kufanya.

Kwa IST ya kwenda kazini na kurudi, haina. Hedi ya 1NZ-FE isiyo na turbo haiinuliwi na mwako. Huharibiwa na joto, kwa rejeta iliyoziba, feni isiyowaka au maji yaliyovuja bila mtu kuona. Stadi haitazuia hedi kupinda injini ikichemsha. Zaidi ya hapo stadi ina madai yake: torki yake hutolewa na mtengenezaji wa stadi na huambatana na grisi yake maalumu, kwa hiyo fundi akitumia oili ya injini badala ya grisi hiyo, au akitumia torki ya kitabu cha Toyota, mbano utakuwa mwingine kabisa. Pia hedi haiwezi kutolewa mpaka iinuliwe moja kwa moja kupita urefu wote wa stadi. Kwenye Subaru, ambayo hedi zake hutazama pembeni karibu na chesisi, hilo kwa kawaida humaanisha kushusha injini nzima hata kwa kazi ambayo ingefanyika kwa boliti ikiwa bado garini. Mwenye gari anayefikiria stadi ajiulize pia nani atakayeifungua hedi hiyo miaka mitano ijayo.

Spana na matayarisho

Spana ya torki inayotoa mlio ikifika namba iliyopangwa ndiyo inayopatikana kirahisi na inatosha, mradi namba unayoitaka haiko chini kabisa ya uwezo wake. Spana ya kufika nyutoni mita 210 haifai kwa kazi ya 29. Itafutwe ndogo ya kufika 50 au 100. Kiwango cha kimataifa cha ISO 6789 kinashauri spana ihakikiwe kila baada ya miezi 12 au mizunguko 5,000, na ikimaliza kazi irudishwe kwenye namba yake ya chini ili springi ipumzike. Spana ya mshale, ile ya zamani yenye fimbo inayopinda, haina kitu cha kuchoka ndani yake, na kwa gereji isiyo na mahali pa kuhakiki ni chaguo ambalo watu wanalidharau bila sababu. Kwa digrii, kipimo cha pembe ni kizuri, lakini alama ya rangi kwenye kichwa cha kila boliti hutosha kabisa, kwa kuwa digrii 90 ni robo ya duara na jicho linaiona. Bunduki ya hewa isitumike kukazia hedi kwa hali yoyote.

Mashimo ya bloku yasafishwe kabla ya gasketi kulazwa. Shimo lisilopenya chini likibaki na maji au oili, boliti itakisukuma kimiminika hicho ambacho hakiwezi kusindilika, na hapo ama spana italia mapema ilhali hedi haijabanwa, ama bloku itapasuka. Tumia hewa ya kampresa na kitambaa, na pale thredi zilipochafuka tumia kisafishio cha thredi. Tepu, yaani chombo cha kukatia thredi mpya, haifai hapa kwa kuwa hupunguza chuma cha bloku. Uso wa hedi upimwe kwa rula nyoofu na fila geji (vibamba vyembamba vya kupimia mwanya), ambapo kikomo cha kupinda kwa 1NZ-FE upande wa bloku ni milimita 0.05. Kisha ipakwe oili nyepesi ya injini kwenye thredi na chini ya kichwa cha kila boliti, kiasi cha kulowanisha tu, na wosha zote ziwepo.

Kukaza kuanzie katikati kuelekea nje kwa zamu za kukingamana, na kufungua kuanzie nje kuelekea katikati, injini ikiwa imepoa kabisa. Hatua moja imalizwe kwa boliti zote kumi kabla ya kuanza inayofuata. Kuipa boliti moja digrii zake zote 180 kisha kuhamia nyingine kunaisukuma gasketi upande mmoja. Subaru EJ ina utaratibu wake wa kukaza, kulegeza na kukaza upya, ambao haupaswi kufupishwa hata ukionekana kupoteza muda. Gasketi za tabaka za chuma hazihitaji kukazwa tena baada ya injini kupata moto, tofauti na baadhi ya gasketi za zamani zilizodai hivyo.

Katika zile digrii 90 za mwisho mkono uwe makini. Boliti nzuri huzunguka kwa ugumu ulio sawa, ukiongezeka taratibu kisha ukitulia. Ikiwa ghafla inakuwa nyepesi na inazunguka bila upinzani, ama boliti imeanza kukatika ama thredi za bloku zinang'oka, na hapo kazi isimame. Boliti hiyo itolewe ikaguliwe: yenye shingo iliyokonda imekwisha yenyewe, na yenye vipande vya aluminiamu kati ya meno inaonyesha kwamba shimo linahitaji kutengenezwa kwa kuwekewa thredi mpya ya chuma, hedi ikiwa imeshushwa tena, kabla ya boliti yoyote ya zamani, mpya au stadi kuingia humo.